Wazee wa vita ya Kagera tusiwasahau

Mhariri, naandika kutoka Moshi. Vita ya Kagera kila mwaka tunasikia ushindi tu. Sawa, Idi Amin wa Uganda alituvamia Oktoba 1978, Aprili 1979 Kampala ikaanguka, na Waganda waliokimbia nchi yao walikutana hapa hapa Moshi Machi 1979 kupanga serikali yao. Lakini baba mdogo wangu alirudi mzima wa mwili tu, mpaka leo tairi ya lori ikipasuka pale stendi anajitupa chini na vijana wanacheka, jamani inauma sana! Halafu foleni za sukari na sabuni, tukaambiwa tufunge mkanda miezi 18, ikawa miaka. Naomba gazeti lenu liwafuate hawa wazee vijijini wangali hai, na wajane wa wenzao pia.