Nimemfichia mama gharama ya mwaka wa pili, na mkopo unasainiwa mwisho wa mwezi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 27, mkazi wa Kayole hapa Nairobi, na ndimi kifungua mimba wa mama aliyetulea kwa biashara ya mitumba Gikomba. Nilihitimu shahada ya uhandisi wa umeme na elektroniki mwaka wa 2022, nikazungusha barua za kuomba kazi hadi nikachoka, na hatimaye nikakodi meza ya kutengeneza simu katika barabara ya Luthuli, ambako nipo hadi leo.

Mwezi uliopita nilipokea barua ya kukubaliwa kusomea uzamili wa nanoelektroniki katika chuo kikuu kimoja cha umma mjini Dresden, Ujerumani. Masomo hayo ni ya miaka miwili, yanafundishwa kwa Kiingereza, na karo hailipwi ila mchango wa kila muhula. Nikiwa mezani pangu napuliza hewa moto kwenye bodi ya simu ili kubandua chipu ya kuchaji, naitazama chipu yenyewe kwa hadubini na kuona miguu yake ya lehemu tu. Transista zilizomo ndani, yaani swichi ndogo mno za umeme, hazionekani kwa chombo chochote kinachopatikana Luthuli. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulihusu jambo hilo hilo: tabaka la kuhami ndani ya transista likipunguzwa hadi unene wa nanomita moja au mbili, elektroni hupenya na kuvuja ingawa hakuna tundu, na unywele wa binadamu, Shangazi, una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Tangu wakati huo sijatamani kusomea kitu kingine, na Dresden ni mji wenye viwanda vikubwa vya chipu, si vya kusimuliwa darasani tu.

Shida ni pesa, na zaidi ya pesa ni ukweli ambao sijausema. Ili kupewa viza, mwanafunzi anayejilipia hutakiwa kuweka yuro 11,904 katika akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo humwachilia yuro 992 kila mwezi za kodi ya nyumba, chakula na bima. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 1.6. Mimi nina akiba ya shilingi 450,000. Mama ameamua kukopa shilingi milioni 1.25 katika sacco yake, zilipwe kwa miezi 48, takriban shilingi 33,000 kila mwezi, na wadhamini wake ni mama mdogo na jirani yetu mmoja anayeuza viatu karibu na kibanda cha mama. Nikishindwa mimi kulipa, na mama naye akishindwa, akiba za hao wawili ndizo zitakazokatwa.

Wote watatu wanaamini kwamba pesa hizo zikishawekwa, safari imelipiwa hadi mwisho. Sivyo. Zinatosha mwaka mmoja tu, na kibali cha kuishi kinapohuishwa ni lazima mwanafunzi aonyeshe tena kwamba ana uwezo wa kujikimu. Nililijua hilo tangu mwanzo na nikanyamaza.

Nisikie kabla ya kunihukumu. Mwaka juzi wakala mmoja wa mjini alituahidi nafasi ya chuo ng'ambo, akapokea ada ya usajili, kisha ya tafsiri ya vyeti, kisha ya kitu alichokiita uharakishaji, na kila tulipolipa alikuja na ada nyingine, hadi shilingi 60,000 zikaenda na simu yake ikazimwa. Mama hakunilaumu, lakini jioni ile alizihesabu risiti juu ya meza ya chakula moja baada ya nyingine, kisha akazifunga kwa uzi na kuziweka kabatini, na bado zipo. Nikimwambia leo kwamba kuna milioni nyingine mbele, nahofia atasikia wimbo ule ule.

Nimejipigia hesabu zangu. Sheria ya Ujerumani inamruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, na kwa karatasi mapato hayo yangetosha kunilisha mwaka wa pili. Ila Mkenya mmoja anayesoma huko, ambaye tunawasiliana, ananieleza kwamba mazoezi ya maabara na mitihani ya mwisho wa muhula huzila siku hizo, na kwamba yeye mwenyewe ameshachelewa muhula mzima kwa sababu ya kazi za usiku ghalani. Muhula wa ziada kwangu ni miezi sita ya gharama ambayo haimo katika hesabu ya mtu yeyote.

Kuna na mjomba, ambaye huuliza kila Jumapili nitakuja kuitumia wapi elimu hiyo. Namtajia kiwanda cha chipu kilichoko Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, naye hujibu kwamba kiwanda kimoja hakiajiri nchi nzima. Hapo sina la kumjibu, ingawa najua kwamba mhitimu huruhusiwa kubaki Ujerumani hadi miezi 18 akitafuta kazi ya taaluma yake. Mama hajui hilo pia. Yeye huwaambia wateja wake kwamba nitarudi baada ya miaka miwili.

Nimewaza kuahirisha na kuomba ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, au wa Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya, lakini chuo kimeniarifu kwamba nafasi yangu haihifadhiwi, hivyo nitaomba upya, na ufadhili wenyewe hauna hakika.

Fomu za mkopo zinasainiwa mwisho wa mwezi huu. Je, niwakalishe chini mama, mama mdogo na yule jirani kwa pamoja niwaeleze yote, au nianze na mama peke yake ili asiaibike mbele ya wadhamini wake? Na wakisema wako tayari hata baada ya kujua, je, ni haki mimi kuikubali dhamana hiyo?

Fundi wa Luthuli,
Nairobi