Umepewa shule, shoga yangu

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Handeni. Sisi wazima, masika yameanza vizuri. Habari ya uteuzi wako imenifikia jana, na nilipiga vigelegele mle mle ofisini mpaka mwalimu wa taaluma akaja kuuliza kuna nini. Hongera sana, mwalimu mkuu! Ninayo furaha, na nina neno pia, ndiyo maana nimekaa chini kukuandikia.

Siku ya kukabidhiwa ofisi utaikuta kalamu nyekundu juu ya daftari la mahudhurio ya walimu. Ikigonga saa 1:30 asubuhi utapiga mstari, na atakayechelewa atasaini chini yake. Mstari siukatai, maana darasa langu la kwanza lina watoto 97 na dakika tano bila mwalimu ni vurugu. Ila kuna mstari mmoja sijawahi kukusimulia, kwa aibu.

Kitindamimba wangu alikuwa na miezi mitano. Homa ilimpanda usiku, tukakesha zahanati, malaria. Alfajiri nikamwachia mama mkwe, nikakimbia shule. Nilifika saa 1:50. Mwalimu mkuu wetu wa wakati ule hakuniuliza kilichonisibu. Aliniita mbele ya mstari wa asubuhi, shule nzima imesimama, akasema, "Huyu ndiye anayewafundisha kuwahi." Watoto wangu wa darasa la kwanza wakanitazama miguuni. Nilikuwa na kandambili, tena za mama mkwe. Mchana nikapewa barua ya kujieleza. Nikajieleza, sikujibiwa.

Tangu siku hiyo niliwahi, shoga. Saa 1:15 nimeshasaini. Kisha naandika zoezi ubaoni, naketi, nasubiri kengele. Madaftari nilikuwa napiga tiki bila kusoma. Kuna mtoto aligeuza "b" ikawa "d" muhula mzima, na kila ukurasa una tiki yangu; niligundua Novemba. Hilo linaniuma kuliko hata kandambili zile. Na ukilifungua daftari la mahudhurio la mwaka ule, jina langu ni safi kabisa.

Baadaye sana ndipo nikajua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inamruhusu mama anayenyonyesha kwenda kumnyonyesha mtoto hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Hakuna aliyenieleza. Wewe waeleze walimu wako kabla hawajauliza, tafadhali.

Mwalimu mkuu aliyefuata alipiga mstari ule ule, saa ile ile. Ila asimwone mtu, alinyanyua simu: "Mwalimu, kuna usalama?" Akisikia kuna mgonjwa, anachukua chaki anaingia darasani mwenyewe. Vipindi vyake vya Hisabati darasa la sita hakuviacha hata siku moja. Ile ruzuku ya uendeshaji, shilingi 6,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka inayoingia kwenye akaunti ya shule, alibandika matumizi yake ukutani kwenye ofisi ya walimu, hadi bei ya boksi la chaki. Minong'ono ikaisha wiki hiyo hiyo.

Na barua! Unajua zetu zote zinapita kwa mwalimu mkuu: uhamisho, likizo, madai ya malimbikizo. Kwa yule wa kwanza, ombi langu la uhamisho lilikaa miezi minne, mwishowe nikalikuta limefunikia kikombe cha chai. Huyu wa pili aligonga muhuri siku ile ile. Kama hakubaliani na ombi lako, aliandika maoni yake ukiwa umekaa mbele yake, ukayasoma. Niliwahi kunyimwa ruhusa naye na nikatoka ofisini sina kinyongo.

Sisemi utakuwa na raha. Posho ya madaraka ya shilingi 200,000 hainunui usingizi. Afisa elimu kata atataka takwimu kabla ya saa 6 mchana, mthibiti ubora atataka kuona maandalio ya somo, na matokeo ya darasa la saba yakishuka utaitwa wewe. Mtu akibanwa hivyo, kinachomjia haraka ni kumbana aliye chini yake. Yule wa kwanza nilimkuta jioni moja yuko peke yake ofisini, giza limeshaingia, taa hajawasha, simu inaita mezani na anaiangalia tu. Nilipita mlangoni kimya, nikaenda zangu. Bado najuta sikuingia kumsalimia. Alikuwa na wakubwa wengi, na sidhani kama kuna hata mmoja aliyemuuliza kama kuna usalama.

Kwa hiyo ukizidiwa nipigie, hata usiku wa manane. Usingoje mpaka uanze kuwafokea watu mstarini.

Likizo ya Juni naenda Moshi kwa mama, na basi linapita hapo kwako Same. Nitashuka nilale siku mbili. Asubuhi moja, kama bado hamjafunga, nipe kiti pembeni ya meza yako niwaone walimu wako wanavyoingia kusaini. Msalimie shemeji na watoto.

Ni mimi shoga yako wa chuoni.