Barua kwa mwanangu anayeanza kuhariri video

Mwanangu mpendwa,

Natumaini hujambo na kazi inakwenda. Sisi huku wazima, baba yako anakusalimu.

Umeniuliza kwa nini mkuu wako anasema sauti za wanawake zinakata masikio, na anakutaka uzipunguze kila unapochanganya sauti. Maneno hayo si mageni kwangu. Nimeyasikia tangu nilipoanza kazi ya ufundi mitambo, na waliokuwa wakiyasema hawakuwa watu wabaya. Acha nikujibu kifundi kwanza, ya mama yatafuata.

Mwanaume mtu mzima akizungumza kawaida, sauti yake hutetema kati ya hezi 85 na 180 hivi, yaani mitetemo kwa sekunde moja. Ya mwanamke huwa kati ya 165 na 255. Hapo wanakaribiana, hata wanaingiliana. Tatizo liko juu zaidi. Laini za simu za kawaida zilijengwa zipitishe hezi 300 hadi 3400 tu, na redio za mwanzo nazo zilikuwa na ukomo wake. Sasa jiulize, s na f zinasikika wapi? Sehemu yake kubwa iko huko juu kulikokatwa, na s ya mwanamke kwa kawaida iko juu kuliko ya mwanaume. Ukikata pale, yeye ndiye anayepoteza zaidi. Maneno yanafifia, fundi anaongeza sauti ili yasikike, na kilichobaki kinakwaruza. Lawama anabebeshwa mwanamke, chombo kinasamehewa.

Mwaka 1933 BBC ilimweka Sheila Borrett kuwa mwanamke wa kwanza kutangaza kwenye redio yake ya taifa. Miezi michache tu, akaondolewa kwa sababu ya barua za malalamiko, na nyingi ziliandikwa na wanawake. Hilo la mwisho usilisahau, maana kuna siku atakuja mwanamke mwenzangu kukwambia hataki kusikia habari ikisomwa na mwanamke, nawe utadhani umepata ruhusa. Miaka ya 1970, Margaret Thatcher alifundishwa kuteremsha sauti yake iwe nzito kabla hajawa waziri mkuu wa Uingereza. Sijawahi kusikia mwanasiasa mwanaume akipelekwa kwa mwalimu ili aipandishe.

Kwa hiyo ukiletewa sauti inayokata masikio, usikimbilie kuishusha yote. Angalia maikrofoni ilikaa wapi. Angalia kama kuna mtu ameshazidisha sauti za juu. Kama ni s zinazopiga filimbi, bana hizo s peke yake. Usimzamishe mtu mzima kwa ajili ya herufi moja.

Sasa nikupeleke kwenye jambo ambalo linanikera zaidi, nalo ni tabia ya kumgawa mwanamke vipande. Sauti inachukuliwa hapa, mwili unachukuliwa pale, vinaunganishwa kana kwamba ni mtu mmoja.

Umekua ukiusikia ule wimbo wa mwaka 1990 wa C+C Music Factory, ule unaowaamrisha watu wote wacheze. Kila harusi unapigwa. Lile koo kubwa linalofungua wimbo ni la Martha Wash, mwimbaji Mmarekani aliyekuwa amekwisha kujijengea jina. Ukitazama video humuoni. Anayeonekana akifungua kinywa ni Zelma Davis, mwembamba, amevaa vizuri. Kipindi hichohicho kundi la Black Box nalo lilitumia sauti ya Wash kwenye albamu yake, na mbele ya kamera likamweka mwanamitindo, Katrin Quinol. Wash ni mwanamke mnene. Sauti yake ilitakiwa, umbo lake halikutakiwa.

Alikwenda mahakamani. Kesi zikamalizwa kwa makubaliano, na kampuni ya rekodi ikaomba televisheni iongeze maandishi kwenye video: sauti ni ya Wash, mwonekano ni wa Davis. Watu wengi wanapoisimulia habari hii huishia hapo, Davis akiwa mwizi. Mimi huwa nabaki naye. Davis alikuwa mwimbaji, na nyimbo nyingine za albamu ileile aliimba mwenyewe. Kwenye wimbo uliovuma kuliko zote wakampa kazi ya kuchezesha midomo. Mmoja alinyang'anywa mwili, mwingine akanyang'anywa sauti, na waliofanya uamuzi walikuwa upande wa pili wa kioo cha studio, kwenye kiti kama chako.

Hollywood ilikuwa na ujuzi huo zamani. Mwimbaji Marni Nixon aliimba badala ya waigizaji Deborah Kerr, Natalie Wood na Audrey Hepburn katika filamu za mwaka 1956, 1961 na 1964, na jina lake halikuwekwa kwenye orodha ya washiriki. Hata leo haujaisha. Susan Bennett alirekodi maelfu ya sentensi mwaka 2005, na mwaka 2011 ilipotoka Siri, yaani msaidizi wa sauti kwenye simu za Apple, ndipo aliposikia sauti yake ikijibu watu kwenye simu. Hakuwa ameambiwa. Na angalia kazi iliyopewa sauti hiyo: kupokea amri, kutojibu kwa ukali, kutochoka. UNESCO walitoa ripoti nzima kuhusu jambo hilo mwaka 2019.

Upande wa picha ni hivyohivyo. Ulipokuwa unajifunza kubana picha ili faili liwe dogo, huenda ulikutana na ya mwanamke mwenye kofia, anatazama nyuma juu ya bega. Picha hiyo ilitoka kwenye Playboy, jarida la picha za wanawake uchi, toleo la Novemba 1972. Mwaka uliofuata watafiti wa chuo kikuu kimoja cha California walikuwa wanatafuta picha ya kujaribia mitambo yao, wakaikata kuanzia mabegani wakaacha uso, na kwa miongo mingi wahandisi wa dunia nzima wakaifanya kipimo chao. Wasichana waliingia darasani wakitaka kujifunza hesabu za picha, wakakaribishwa na ukurasa wa Playboy. Lena Forsén, mwenye sura hiyo, mwishowe alisema alishaacha uanamitindo siku nyingi na umefika wakati astaafu na huku kwenye teknolojia. Chama cha wahandisi wa kompyuta cha IEEE kiliacha kupokea makala zenye picha hiyo mwaka 2024.

Za picha kusuguliwa hadi ngozi ikose vinyweleo sitakaa nazo, unazijua kuliko mimi. Ufaransa tangu 2017 inataka tangazo la biashara lenye umbo la mtu lililochongwa kwa kompyuta liandikwe hivyo. Na zile za uchi zinazotengenezwa kwa akili mnemba, ukitumiwa kwenye kundi lenu la kazini, usiseme hukuiomba ukanyamaza. Korea Kusini tangu 2024 kuimiliki au kuitazama tu ni kosa la jinai. Mimi sihitaji sheria ya nchi yoyote kukuambia kwamba aliye kwenye picha ile atakuja kuiona.

Haya, baba, tuje kwenye klipu uliyonitumia, ile ya wodi ya wazazi.

Umehariri vizuri, mikato yako inafuata pumzi. Lakini niliitazama mara ya kwanza bila sauti, kisha nikaisikiliza bila kutazama. Fanya hivyo na wewe. Bila sauti, ni wanawake watupu: tumbo, miguu iliyovimba, mkono umeshika chuma cha kitanda, titi na mtoto. Nyuso hazipo, isipokuwa mmoja, naye analia. Bila picha, ni mwanaume mmoja anaeleza uchungu unavyokuja. Mkurugenzi wa hospitali ana jina, cheo na muda wote anaoutaka. Wanawake wote wale ni picha za kufunikia maneno yake.

Najua hukukusudia. Ndivyo habari zinavyotoka mikononi mwetu tusiposimama kuangalia. Kuna mradi wa kimataifa unaohesabu watu wanaotokea kwenye habari, siku moja kila baada ya miaka mitano. Mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 17. Mwaka 2020 walikuwa 25. Miaka 25, kutoka 17 hadi 25 tu katika kila mia. Na hao wachache huletwa zaidi kusimulia yaliyowapata kuliko kufafanua jambo.

Kama kuficha uso ni ombi lao, heshimu, wala usijadili. Ila uliza kama waliulizwa, maana mpiga picha akiona tumbo kubwa husahau kupandisha kamera. Anayelia mwondoe, isipokuwa amekubali akiwa ametulia, siyo akiwa katikati ya uchungu.

Halafu kuna mkunga. Ametokea sekunde chache tu, sentensi yake ikakatwa mkurugenzi akaingia. Alikuwa anaanza kusema kwa nini akina mama wanachelewa kufika, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Rudi kwenye mafaili, lazima kuna mahojiano yake kamili. Mwache amalize, mkurugenzi mpunguze. Na pale chini ulipoandika "Mama wa watoto wanne", futa, weka jina lake na kazi yake. Ukishamaliza nitumie nisikilize s zake.

Ni mimi,
Mama yako