Barua kutoka London: Mkataba Ambao Bunge Halikuupitisha

Baba,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeanza kukaza. Juzi kwenye simu uliniuliza kwa nini Wairani hawamwamini Mwingereza mpaka leo, nami nikakujibu juu juu. Swali lako lilistahili zaidi ya hapo.

Wengi huanzia 1953, waziri mkuu wao Mosaddegh alipopinduliwa kwa mkono wa Uingereza na Marekani. Jirani yangu hapa ghorofani, mzee wa Tehran, huanzia 9 Agosti 1919, na kadiri ninavyosoma naona ana haki. Siku hiyo waziri mkuu wa Uajemi, ndiyo Iran ya leo, Vosuq al-Dowleh, alitia saini mkataba na Sir Percy Cox, mwakilishi wa Uingereza huko Tehran. Aliyeusukuma kutoka London ni Lord Curzon, aliyekuwa akiongoza wizara ya mambo ya nje ya Uingereza. Alitaka nchi zote za njia ya kwenda India ziisikilize Uingereza, na Urusi, mpinzani wa siku zote, ilikuwa imezama kwenye mapinduzi yake.

Kifungu cha kwanza kinaahidi kuheshimu uhuru wa Uajemi. Sasa sikia vinavyofuata. Washauri wa Kiingereza waingie wizarani wakiwa na mamlaka, Uajemi iwalipe. Maofisa na silaha za jeshi jipya zitoke Uingereza, Uajemi ilipe. Mkopo wa pauni milioni 2 kwa riba ya asilimia 7, dhamana yake mapato ya forodha. Hazina na jeshi vikishashikwa na mgeni, uhuru gani umebaki?

Linaloniuma zaidi ni fedha. Vosuq na mawaziri wake wawili walilipwa kwa siri na Uingereza tomani 400,000, fedha ya Uajemi, kama pauni 131,000 hivi. Nchi ndiyo kwanza ilikuwa inatoka kwenye njaa kali ya wakati wa vita. Tena fedha hizo zikahesabiwa kuwa malipo ya mwanzo ya ule mkopo! Yaani mtu aliyezika wanawe kwa njaa ndiye alitakiwa alipe hongo ya wakubwa, na riba juu yake.

Katiba yao ilitaka mkataba wa namna hii upitishwe na Majlis, yaani bunge lao, na Majlis haikuwa ikikutana. Washauri wakaanza kufika hivyo hivyo. Seyyed Hassan Modarres, mwanachuoni na mwanasiasa, akaupinga hadharani. Huko Tabriz, Sheikh Mohammad Khiabani akaongoza uasi Aprili 1920. Marekani na Ufaransa nazo hazikuupenda. Mwezi Mei Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi, wakashuka bandari ya Anzali kaskazini mwa Uajemi, na askari wa Uingereza waliokuwepo wakaondoka. Watu wakajionea ulinzi walioahidiwa. Juni Vosuq akajiuzulu. Februari 1921 Reza Khan, ofisa wa jeshi, na Seyyed Zia, mwandishi wa habari, wakautwaa mji mkuu, na serikali yao ikaufuta mkataba, ikatia saini mwingine na Moscow siku hizo hizo.

Wapo wanaomtetea Vosuq, kwamba nchi ilikuwa imefilisika na hapakuwa na mwingine wa kumkopa. Ufukara ulikuwa wa kweli, sibishi. Lakini kama hoja ilikuwa hiyo, angeipeleka bungeni, na zile tomani 200,000 zilizomwendea yeye peke yake asingezigusa.

Mkataba wenyewe si mrefu. Ukitaka nitauchapa kwa herufi kubwa, nimpe mtu anayekuja Desemba. Msalimie sana mama.

Mwanao