Ukoo wa Waakadia haufuatwi kwa herufi za jina

Mhariri,

Anayetafuta ukoo wa Waakadia, Wakatoliki wenye asili ya Ufaransa waliofukuzwa Nova Scotia, Kanada ya leo, na Waingereza kuanzia 1755, hukwama haraka akishikilia tahajia moja. Makarani Waingereza waliandika walichosikia. Katika Kisiwa cha Prince Edward, baadhi ya akina Poirier wakawa Perry. Kwingineko LeBlanc likageuzwa White. Louisiana, Marekani, Robichaud ni Robichaux. Kuna pia lakabu: Michel Richard aliitwa Sansoucy, basi katika orodha za majina angalia herufi R na S.

Anza na cheti cha karibuni, urudi nyuma kizazi kwa kizazi bila kuruka. Shika majina ya mume na mke pamoja. Hili ndilo la thamani kuliko yote, maana mapadri walimwandika mwanamke kwa ukoo wa baba yake hata baada ya kuolewa. Jina la mume likipotoshwa, la mke litakuvusha. Soma ubatizo wa watoto wote, si wa babu yako tu, ulinganishe na wasimamizi wao.

Kwenye ndoa, tafuta ruhusa ya Kanisa kwa waliohusiana. Daraja la tatu, kwa hesabu ya wakati ule, ni watu ambao babu au bibi zao walikuwa ndugu wa tumbo moja. Hapo unathibitisha koo mbili kwa mkupuo.

Rejista ya kanisa la Grand-Pré, kijiji cha Waakadia huko Nova Scotia, ya 1707 hadi 1748 haiko Kanada. Wakimbizi waliibeba, na sasa imehifadhiwa na dayosisi ya Baton Rouge, Louisiana.