Luteni aliyeachiwa pwani ya magharibi

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Sisi huku hatujambo, ila joto tu. Barua yako nimeipata, na pale ulipolalamikia wakubwa wanaojitwalia sifa za walio chini yao nikasema ngoja nikupe habari za Luteni William Hobson na nahodha wake, Leopold McClintock. Wewe ni mtu wa meli, utanielewa upesi.

Kisa cha Sir John Franklin unakijua: aliondoka Uingereza Mei 1845 na meli mbili, Erebus na Terror, kutafuta njia ya kupitia kaskazini mwa Amerika, na asionekane tena. Serikali ilituma meli baada ya meli kumtafuta, hata ikachoka, na mwaka 1854 ikayafuta majina yao kwenye orodha ya Jeshi la Wanamaji. Mkewe, Lady Jane, akakataa katakata. Alinunua meli ndogo ya mvuke iitwayo Fox, akamkabidhi McClintock, ofisa aliyekwisha kwenda Aktiki, nchi za barafu za kaskazini kabisa, mara tatu, na fundi hasa wa safari za sleji, yaani magari yasiyo na magurudumu yanayokokotwa juu ya theluji. Naye akakubali kwenda bila mshahara.

Wakang'oa nanga Aberdeen, Uskoti, Julai 1857. Hawajamaliza hata miezi miwili baharini, barafu ya ghuba ya Melville, magharibi mwa Greenland, ikawanasa na kuwaburuta kusini miezi minane. Ilipowaachia Aprili 1858, mimi ningegeuza moja kwa moja nyumbani. McClintock akageuza kaskazini.

Majira ya kuchipua ya 1859 wakatoka kwa sleji, wakakutana na Wainuiti, wenyeji wa Aktiki, waliokuwa na vijiko vya fedha na vifungo vya makoti ya Kiingereza. Wakaambiwa meli moja ilizama, na nyingine barafu iliisukumia ufukweni, magharibi mwa Kisiwa cha King William, kaskazini mwa Kanada. Hapo ndipo ninapompendea McClintock. Pwani ya magharibi ndiyo yenye jibu, na kila mmoja alijua atakayelipata atapanda cheo. Akamwachia Hobson pwani hiyo. Yeye akazunguka mashariki.

Mwanzoni mwa Mei Hobson akakuta rundo la mawe, na ndani yake mkebe wa bati wenye karatasi. Ilikuwa fomu ya kawaida ya Jeshi la Wanamaji, imepigwa chapa kwa lugha sita, ikimwomba atakayeiokota aipeleke kwa wahusika. Katikati yameandikwa maneno ya tarehe 28 Mei 1847: wote wazima. Halafu pembeni, kuizunguka karatasi yote kwa kukosa nafasi, yameongezwa maneno ya tarehe 25 Aprili 1848: Franklin alifariki 11 Juni 1847, maofisa 9 na mabaharia 15 wamekufa, meli zimeachwa, na watu 105 waliobaki wanaelekea kusini kwenye mto Back. Luteni Gore, aliyeipeleka karatasi mara ya kwanza, humo humo anatajwa kuwa marehemu.

Kando ya mawe palikuwa na nguo zilizotupwa, zimerundikana futi nne kwenda juu. Mbele zaidi, mashua ya futi 28 juu ya sleji, na mifupa ya watu wawili ndani yake. Chakula hakuna, isipokuwa majani ya chai na chokoleti kama kilo 18. Lakini sabuni zimo, miswaki imo, ndara zimo, leso za hariri zimo, na vijiko na uma za fedha 26! Watu wenye njaa na kiseyeye wanakokota vijiko juu ya barafu. Omo ya mashua ilielekea kaskazini, upande wa zile meli walizokwisha kuziacha, na hilo linanishughulisha kuliko vijiko.

Hobson mwenyewe kiseyeye kilimshika njiani. Akaendelea kupekua pwani mpaka miguu ikakataa, akarudishwa amelazwa kwenye sleji. Baada ya siku 74 alifika kwenye Fox hawezi hata kusimama bila kushikwa. Walirejea Uingereza Septemba, akapandishwa cheo mwaka huo huo. McClintock naye akapewa cheo cha Sir, wala sioni alichopungukiwa.

Kinachoniudhi ni jingine. Mwaka 1854 Dakta John Rae, mpelelezi mwingine wa Aktiki, alikwisha kuleta maneno ya Wainuiti: kwamba watu wale walikufa njaa, na wengine wakala maiti za wenzao. London ikamshukia, ati maneno ya washenzi. Mama mmoja mzee akamwambia McClintock vivyo hivyo, kwamba walianguka wakafa huku wakitembea. Mifupa iliyochunguzwa zama zetu ina alama za visu. Na Terror ilipopatikana mwaka 2016, aliyewaelekeza watafutaji ni Muinuiti, Sammy Kogvik. Habari za Rae ni ndefu, nitakuandikia barua yake peke yake.

Wasalimie watoto.

Wako,
Sahibu yako