YAH: Toleo jipya la programu ya swichi kuvuruga foleni za kipaumbele

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Msaada wa Kiufundi,

Ndugu,

Tunalalamikia swichi yenu ya mtandao yenye milango 48 (matundu ya kuchomekea nyaya). Ukishaweka toleo jipya la programu yake na kuiwasha upya, milango yote inaacha kuamini, yaani kufuata, alama za DSCP (namba iliyoandikwa kwenye kila pakiti ya data kuonyesha kipaumbele chake). Hakuna onyo, na kumbukumbu za matukio hazina hata mstari mmoja. Kibaya zaidi, amri ya kuamini DSCP bado imo kwenye faili la usanidi, hivyo fundi anayekagua ataona kila kitu kiko sawa. Haifanyi kazi mpaka uifute na kuiandika tena, mlango kwa mlango.

Simu za mtandao hutuma sauti kwa DSCP 46, alama ya kipaumbele cha juu; 0 ni ya pakiti za kawaida. Tulinasa pakiti pande zote mbili za swichi: zinaingia na 46, zinatoka na 0. Zikishavuliwa alama, zinapangwa foleni moja na mafaili makubwa, na ruta iliyo mbele nayo inasoma 0 hiyohiyo. Kipaumbele kimepotea njia nzima.

Mlitujibu kwamba tuongeze kipimo data (uwezo wa njia kubeba data kwa sekunde). Jibu hilo si sahihi. Simu moja ya G.711 (kiwango cha kuigeuza sauti kuwa data) yenye pakiti za milisekunde 20 hutumia kbps 87.2 kwenye Etheneti. Simu 100 kwa pamoja hazifiki Mbps 9. Tatizo ni kungoja. Kwenye mlango wa Mbps 100, pakiti ya sauti ikikuta fremu (vifurushi vya Etheneti) 500 za baiti 1,518 mbele yake, inasubiri takriban milisekunde 61, na foleni ikijaa inatupwa kabisa. Pendekezo G.114 la ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) linashauri ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 kwa safari nzima. Swichi moja haina haki ya kula zaidi ya theluthi ya muda huo.

Mwongozo wenu nao unapotosha. Sura ya usanidi inasema foleni ya 1 ndiyo ya juu, ilhali kifaa chenyewe huanza kuhudumia ya 8. Anayefuata maandishi yenu anaiweka sauti mwisho kabisa. Kisha mnashauri foleni zote nane ziwe za kipaumbele kamili. Huo ni ushauri wa hatari: foleni ya juu ikiwa na kitu, za chini hazihudumiwi, na kompyuta moja inayojiandikia 46 na kujaza mlango inawafungia wengine wote. Kipaumbele kamili kinafaa foleni moja ya sauti, tena yenye kikomo. Zilizobaki zigawane kwa uzito, kila moja ipate sehemu yake. Na DSCP iaminiwe kwenye milango ya simu na ile inayounganisha swichi tu, si kwenye kila mlango wa kompyuta.

Tunataka, ndani ya siku 14: programu iliyorekebishwa ambayo inatekeleza amri ya kuamini DSCP kila swichi inapowashwa, jedwali sahihi la foleni, na kaunta ya pakiti zilizotupwa katika kila foleni, kwa sababu sasa mnatoa jumla ya mlango mzima, nayo haimwambii fundi kama iliyotupwa ni sauti au ni faili. Mpaka hapo, liondoeni toleo hilo kwenye ukurasa wa kupakua.

Tumeambatanisha pakiti tulizonasa pamoja na faili la usanidi.

Wenu,
Mafundi wa mtandao